Shule ikikaa kimya, andika

Mhariri,

Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi hadeki. Mara nyingi ni wasiwasi wa kwenda shule. Shule inapaswa kusaidia, lakini malalamiko ya mdomo getini hupeperuka. Mzazi aandike kwa wiki mbili kila hofu inapompata mtoto: tarehe, saa, somo, kilichotangulia, dakika ambazo mtoto alichukua kutulia. Kisha barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu wa darasa, nakala kwa mwalimu mkuu, yenye maombi yanayopimika: mtu mmoja wa kumpokea asubuhi, ruhusa ya kutoka darasani dakika 5, asiitwe kusoma kwa sauti bila kujulishwa mapema. “Mumsaidie” tu haitoshi. Nakala ya mzazi igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku 10 zikipita kimya, apande ngazi: bodi ya shule, halafu ofisi ya elimu. Kumbakiza nyumbani hutuliza siku hiyo, lakini kesho hofu huwa kubwa zaidi.

Msomaji wenu