Salamu za Watakatifu Wote kutoka Tengeru

Ndugu zangu, mlio nyumbani na mlio mbali, heri ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Na kesho, tarehe 2, tuwaombee Marehemu wetu wote.

Huku kwetu vuli imeanza kugusa. Nimepalilia makaburi ya babu na bibi pale migombani, kisha nikachukua mishumaa nikaenda kwenye makaburi ya Wapolandi. Sisi wafu wetu tunawazika uani. Asubuhi ukifungua mlango unawaona. Wale wapatao 150 hawana ndugu wa kuwafungulia mlango.

Mwaka 1940 Wasovieti waliwatoa kwao na kuwatupa Siberia. Waliopona walipitia Uajemi, wakavuka bahari, na kuanzia 1942 wakawa majirani zetu chini ya Mlima Meru. Kambi yao ya wakimbizi hapa Tengeru ilifikia watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakiishi kwenye vibanda vya mviringo. Vita ikaisha, na wengi hawakuwa na kwao pa kurudi.

Hapo ndipo moyo wangu unapogota. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wa Engare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ardhi ikagawiwa walowezi. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzetu, Kirilo Japhet, akaenda hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea. Basi mtu anaposema yale ni makaburi ya wageni, mimi nashindwa kumwitikia. Kufukuzwa kwenu na kulala kusikojulikana, hilo Mmeru analijua.

Mtunza makaburi alikuwa ameshafagia, Mungu ambariki. Nilipiga magoti penye kaburi moja fupi. Maua ya mjakaranda yalikuwa yamegandia kwenye maandishi kwa mvua ya usiku, nikayabandua moja moja kwa kidole hadi jina likasomeka. Ulimi ulinigoma kulitamka. Nikalitamka hivyo hivyo, kwa sauti, kwa sababu sidhani kama mwaka huu kuna mtu mwingine aliyeliita.

Kesho baada ya misa ya asubuhi nitakuwa pale tena. Anayeweza aje na mshumaa mmoja, na kopo la kuukinga, maana upepo wa mlimani ni mkali. Mlio mbali, washeni huko huko mliko.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.