Barua kwa mwanangu anayetaka kusoma kompyuta

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponiuliza uchague ipi kati ya zile shahada sita ulizoniandikia, nilikujibu "zote si kompyuta tu?" Lilikuwa jibu la uvivu, na limenikereketa tangu siku hiyo. Ngoja nikujibu sawasawa.

Unajua mama yako hakusomea kompyuta chuoni. Nilijifunzia kazini, kwa kuchungulia programu za wenzangu. Siku moja nikapewa kazi ya kutafuta majina yaliyojirudia kwenye daftari la wanachama. Nikaandika programu inayochukua kila jina na kulilinganisha na mengine yote. Niliijaribu kwa majina 200, ikamaliza kufumba na kufumbua, nikajiona fundi. Jioni nikaipa daftari zima, majina 40,000, nikaenda zangu kulala. Asubuhi nikaikuta bado inahangaika.

Kulikuwa na kijana aliyetoka chuoni karibuni. Hakugusa kibodi. Alichukua kalamu, akaandika: majina 200 yanatoa jozi 19,900, majina 40,000 yanatoa jozi karibu milioni 800. "Dada, yapange kwanza kialfabeti," akasema. "Yanayofanana yatakaa jirani, kisha linganisha kila jina na lile linalolifuata tu." Kuyapanga kwa njia nzuri kunahitaji ulinganisho kama laki sita hivi. Mashine ilikuwa ileile na lugha ya programu ileile, lakini kazi iliisha kabla hajarudisha kiti chake.

Alichokifanya yule kijana ndiyo sayansi ya kompyuta, na ndiyo maana nakuelekeza huko. Kuandika programu utajifunza popote, hata chumbani kwako. Chuoni unafuata algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo; miundo ya data, yaani namna ya kuzipanga taarifa ndani ya kompyuta; mifumo endeshi kama Windows; namna kichakataji, ubongo wa kompyuta, kinavyofanya kazi; na nadharia ya ukokotoaji, yaani kompyuta inaweza nini na haiwezi nini. Hiyo ya mwisho wanafunzi huikimbia, nami naionea huruma, maana ndiyo tamu kuliko zote: mwaka 1936, kabla kompyuta kama hizi hazijakuwepo, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba yapo maswali ambayo hakuna programu itakayoweza kuyajibu kamwe.

Zile nyingine si mbaya, ila ujue unachonunua. Uhandisi wa kompyuta una saketi na umeme mwingi. Wewe tangu utotoni hukupenda nyaya, basi tuiache. Uhandisi wa programu unakaribiana sana na sayansi ya kompyuta, ila unakazia jinsi timu inavyojenga mfumo mkubwa: kumsikiliza mteja, kusanifu, kupima, kutunza kilichojengwa na watu walioshaondoka. Mifumo ya habari ni nusu kompyuta, nusu biashara. Teknolojia ya habari inakupeleka kwenye seva (kompyuta zinazohudumia nyingine), mitandao na kuwahudumia watumiaji, kazi ya heshima ambayo watu huikumbuka pale tu mtandao unapokatika. Sayansi ya data hukuiandika, lakini iangalie pia kama takwimu hazikuchoshi.

Usalama wa mitandao kama shahada ya kwanza ndio unaonitia shaka. Sisemi usiusome. Nasema wanaoshambulia mifumo wanaielewa ndani nje, na shahada inayorukia zana za ulinzi kabla hujajua mfumo endeshi unavyogawa kumbukumbu itakuacha nyuma yao. Usome mwaka wa tatu, au kwenye uzamili.

Na majina haya hayana mwenyewe. Chuo kimoja kitaita "teknolojia ya habari" kile ambacho jirani yake anakiita "sayansi ya kompyuta". Hata herufi za shahada usizihofu: Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, anayesoma sayansi ya kompyuta kwa miaka mitatu hupewa BA (shahada ya sanaa), si BSc (ya sayansi), na hakuna anayemcheka. Fungua mtaala, tazama masomo ya lazima ya mwaka wa pili. Hapo hakuna pa kujificha.

Kuhusu hisabati, najua ulitarajia nisiitaje. Mantiki, uwezekano, aljebra ya matriki (majedwali ya namba): bila hizo akili mnemba utaitumia tu, hutajua inafanyaje kazi. Uliniuliza pia kama kuna haja ya kusoma ikiwa akili mnemba yenyewe inaandika programu. Hata ile yangu ya jozi milioni 800 ingeweza kuiandika, tena kwa adabu na maelezo mazuri. Bado angehitajika mtu wa kuchukua kalamu.

Kompyuta ghali usininunulishe kwanza. Mwaka wa kwanza hata iliyotumika inatosha.

Nitumie mitaala ya vile vyuo vitatu vilivyobaki. Ule wa kwanza nimeshausoma jana usiku: una somo moja tu la hisabati, nalo ni la hiari.

Mama yako