Barua kwa mpwa wangu: usiinyooshe taksimu ya babu yako

Mjomba,

Huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Faili ulilonitumia nimelisikiliza mara tatu. Unataka fidla na ganuni za kwenye kompyuta zimfuate babu yako, kwa hiyo ukaipitisha kaseti yake ya taksimu, anapopiga udi peke yake na kutunga papo hapo, kwenye programu ya kugeuza sauti kuwa MIDI, yaani noti zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta, na unasema kilichotoka ni udi wa mtoto. Kweli. Umeiachia mashine kazi ya sikio lako.

Ile noti ya Sol, nzito, isiyokatika tangu mwanzo si yake. Ni muungurumo wa umeme ulioingia ulipokuwa unahamisha kaseti. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ipo Sol ya chini yenye hezi 49, basi programu imeusikia ikaandika noti. Chomoa chaji ya laptop, uhamishe upya. Halafu pima sauti za nyuzi zinapopigwa wazi, bila kubonyezwa kwa kidole: redio aliyorekodia ilikuwa ya betri, na betri zikichoka mota huzunguka polepole, kwa hiyo leo ukiicheza kaseti kwa spidi sahihi muziki wote unapanda. Rekebisha spidi kabla ya kugeuza chochote. Vinoti vifupi vilivyo juu kabisa vifute; ni sauti nyembamba ambazo uzi huzitoa wenyewe juu ya noti iliyopigwa, na programu imezidhania noti.

Sasa lililoniuma. Babu yako anapiga bayati, ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu, inayoanzia Re. Noti yake ya pili hukaa baina ya Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu toni) na Mi, na udi hauna vigawanyo shingoni kama vya gitaa, kidole chake kinaitafuta pale pale. MIDI, tangu ilipotoka 1983, huhesabu noti kwa namba, 0 hadi 127, na kutoka namba moja hadi nyingine ni nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda. Noti ya babu haina namba. Programu imeisukuma mara Mi, mara Mi bemoli, ndiyo maana bayati imekufa mkononi mwako.

Dawa ipo: amri ya kupinda sauti. Kwa kawaida hufika toni moja juu au chini, hatua 8192 kwenda chini, kwa hiyo iandike Mi kisha uishushe hatua 2048, robo toni kamili. Baada ya hapo sikiliza kaseti usogeze kidogo, kwa sababu kidole chake hakikukaa kwenye robo kamili. Angalia tu kwamba amri hiyo huinamisha noti zote za chaneli moja, yaani njia moja ya noti ndani ya MIDI. Re ya chini inayoendelea kulia iweke chaneli yake. Jaribu pia Basic Pitch, programu nyingine ya kugeuza sauti kuwa MIDI, waliyoitoa Spotify mwaka 2022. Ni ya bure, na yenyewe huweza kuandika mpindo.

Na tafadhali, mjomba, usizivute noti zikae kwenye mistari ya mapigo iliyochorwa na programu. Taksimu haina pigo, mpigaji hupumua anapotaka. Ukifika kwenye bashrafu, kipande cha ala chenye mapigo, hapo tempo ipo, lakini mistari ndiyo imfuate yeye.

Dakika ya pili anakohoa, kisha anarudi kwenye Re. Programu imekiandika kikohozi kama noti tatu. Zifute hizo. Kwenye sauti yenyewe kikohozi kiache.

Mjomba wako