Risala ya kikundi chetu cha muziki kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu wetu mlezi, wazazi na wenzetu wote, shikamoni.

Kwanza tunakushukuru sana kwa kuitikia wito wetu. Kawaida risala inaanza na historia ya kikundi, ila leo tumekubaliana tukuletee habari za mtu mmoja, yule wa kwenye picha tuliyobandika pale mlangoni. Anaitwa Wang Jian, mpiga chelo wa China, chelo ni kama fidla kubwa inayosimama sakafuni na mpigaji anapiga amekaa.

Amezaliwa Xi'an mwaka 1968, enzi za Mapinduzi ya Utamaduni, yani ile kampeni ya Mao ya kufuta tamaduni za zamani na za kigeni, muziki wa Ulaya ulikuwa umepigwa marufuku. Baba yake naye mpiga chelo, kazi ikampeleka Shanghai akaondoka na mtoto, mama akabaki Xi'an. Sasa mheshimiwa hapa ndo sehemu tunayoipenda kuliko zote. Mtoto ana miaka 4 anataka kupiga kama baba, chelo ya saizi yake haipo, mzee akachukua viola, ile inayofanana na fidla ila imeizidi kidogo, akaifungia kijiti chini ili isimame sakafuni, akampa, mtoto akaibana na magoti kama mtu mzima. Chelo yake ya kwanza ndo hiyo.

Baadae akaingia shule ya watoto ya chuo cha muziki Shanghai. Mwaka 1979 mpiga fidla mkubwa wa Marekani, Isaac Stern, akaenda China na watu wa kamera, wakamrekodi Wang Jian ana miaka 10, anapiga huku uso umetulia kabisa, na ile filamu ikaja kupata tuzo ya Oscar. Mfanyabiashara mmoja wa New York, Sau-Wing Lam, mwenyewe asili yake China, alivyomwona humo akaamua kumsaidia, ndo 1985 kijana akafika Marekani, akasoma chuo kikuu cha Yale kwa mwalimu wa chelo Mbrazili, Aldo Parisot. Tena akaazimwa chelo ya kina Amati, ukoo wa mafundi maarufu wa fidla wa Italia, iliyotengenezwa mwaka 1622, yani ina zaidi ya miaka 400!

Akarekodi muziki wa mtunzi Brahms na okestra ya Berlin chini ya mwongozaji Claudio Abbado, akarekodi suti zote 6 za mtunzi Bach, suti ni mfululizo wa vipande vya muziki vinavyopigwa pamoja, amezunguka dunia, na bado akarudi kufundisha Shanghai, palepale alipoanzia akiwa mdogo. Hilo la kurudi linatugusa sana maana mwalimu anayejua mtoto anakwama wapi ni yule aliyewahi kukwama hapohapo.

Mheshimiwa, kikundi chetu kina chelo moja tu na ni ya watu wazima. Mwenzetu mdogo kuliko wote ana miaka 7, tunamkalisha kwenye kiti miguu inaning'inia, tumemwekea matofali mawili akanyagie lakini mkono wa kushoto haufiki vizuri sehemu ya juu ya shingo ya chelo, anajinyoosha mpaka bega linapanda, akichoka anaiegemea tu anasikiliza wenzake. Chelo za watoto zipo, saizi zake zinaitwa robo, nusu na kadhalika. Ombi letu kwako ni moja tu leo, tupate robo moja, hata iliyotumika, nyuzi tutanunua wenyewe kwa michango yetu.

Sasa tunaomba usikilize, mwenzetu huyo atakupigia mwanzo wa suti ya kwanza ya Bach, kipande kile anachokifikia.

Tunaomba kuwasilisha.