Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Bababa na bamama, na ninyi vijana, nawasalimu kwa niaba ya kamati ya chama chetu cha hapa Katuba, Lubumbashi.

Nawashukuru ninyi 31 mliofika. Orodha yetu ina majina 86. Mkutano wa mwezi wa tatu ulikosa idadi inayotakiwa, na wa mwezi wa tisa ukakosa pia. Najua kuna waliokuja leo kwa sababu wamesikia litazungumzwa jambo la ile sauti yangu iliyoigwa na mashine. Karibuni hata hivyo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Salongo, kazi yetu ya pamoja ya usafi, ilifanyika mara 7. Mtaro wa nyuma ya soko tuliuzibua, nao ukaziba tena. Tulisindikiza vilio (misiba) 4 na kutembelea wagonjwa 6. Wanachama wawili wamehamia Likasi na Kolwezi bila kuaga, wakaacha madeni. Viti 60 vya plastiki vilivyoahidiwa havijanunuliwa, na sababu mtaiona kwenye hesabu.

Nije kwenye masomo ya akili bandia. Wazo nililileta mimi mwaka 2024, na baadhi yenu mlicheka. Nilisema, na leo narudia, kwamba mtoto mwenye miaka 15 mwaka huu atapiga kura mwaka 2028 kama muhula wa miaka 5 wa katiba utaheshimiwa. Sisi wazazi wake tulikutana na mashine ya kupigia kura tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 bila maandalizi yoyote ya maana. Wengine tuliigusa ile skrini kama sufuria iliyotoka motoni. Kesho yake intaneti ikakatwa nchini kwa karibu siku 20, lakini uvumi haukukosa mega za intaneti hata siku moja. Ndiyo maana nilitaka watoto wetu wa hapa Katuba wajue mapema jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi.

Vijana 24 waliandikishwa na 17 wakamaliza. Darasa nililitafuta mwenyewe, kwa miguu, na mafuta ya jenereta nimetoa mfukoni mara mbili bila kuandikisha. Walijifunza kwamba mashine kama ChatGPT haijui kitu kama mzee anavyokijua. Inatabiri neno linalofuata kutokana na maandishi mengi iliyolishwa, na inaposema uongo hubaki na sauti ileile ya uhakika. Kijana mmoja aliiuliza historia ya mtaa wetu, akapewa jina la chifu ambaye hakuna mzee hapa aliyewahi kulisikia. Msichana mwingine akauliza: kobalti ya kwetu iko ndani ya betri za simu za dunia nzima, kwa nini basi mashine hii haisikii Kiswahili chetu? Mwalimu alianza kujibu, umeme ukakatika.

Sasa sauti.

Mwezi wa sita mwalimu alitaka vijana waone kwa macho yao jinsi sauti ya mtu inavyoigwa. Tangu mwezi wa kwanza 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha programu iitwayo VALL-E, inayohitaji kusikia mtu kwa sekunde 3 tu. Vijana walitaka kuiga mwanamuziki. Mimi nikasema hapana, mwanamuziki hajatoa ruhusa, chukueni sauti yangu. Ruhusa niliiandika katika daftari la chama na kutia sahihi, mwenye shaka aliombe. Wakachukua rekodi ya mkutano wa 2024, wakaandika maneno, na mashine ikasema kwa sauti yangu: "Wapendwa wanachama, kamati imeamua kusamehe michango yote ya miezi iliyobaki. Asanteni kwa ushirikiano wenu."

Maneno hayo niliyapitisha mimi. Niliona hakuna mwanachama mwenye akili timamu atakayeamini kwamba kamati hii inaweza kusamehe mchango.

Ilikusudiwa ibaki darasani. Asubuhi yake ilikuwa kwenye WhatsApp, na jioni mwanachama aliyeko Kasumbalesa alinipigia simu kunishukuru. Nani aliitoa darasani, kamati inajua, na kijana ameomba radhi pamoja na baba yake.

Hapo nilifanya kosa moja dogo, nalikubali: nilikanusha kwa ujumbe wa sauti. Mkajibu kwamba huo wa pili ndio wa bandia! Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwishoni mwa 2018 kule Gabon, Rais Ali Bongo, aliyekuwa akitibiwa nje ya nchi, alionekana kwenye video ya salamu za mwaka mpya. Wapinzani wake wakadai video ni ya kutengenezwa, na tarehe 7 mwezi wa kwanza 2019 wanajeshi wakajaribu kupindua serikali. Watu wakishajua kwamba uongo unaweza kutengenezwa, hata ukweli wanaukataa wakitaka.

Na mlitaka. Niseme wazi, kwa sababu nimesemwa sana mwaka huu. Ile sauti haikufanana na mimi. Tangu lini nikasema "wapendwa wanachama"? Mimi huanza na "bababa na bamama", kisha nakohoa. Mimi nasema "batu" na "bintu"; sauti ile ilisema Kiswahili cha redio ya Dar es Salaam. Mnanisikia kila mwezi kwa miaka 6. Mliamini kwa sababu iliwafaa mfukoni. Kama ingesema mchango umepanda, mngeigundua kabla haijafika katikati.

Mwanachama mmoja, mwalimu, ameniandikia kwamba nimefanya kama yule Mmarekani Steve Kramer. Kwa wasiomjua: mwezi wa kwanza 2024, katika jimbo la New Hampshire, wapiga kura walipigiwa simu yenye sauti ya kuiga ya Rais Biden, ikiwaambia wasipige kura ya mchujo. Kramer, aliyeiagiza, alijitetea kwamba alitaka kuamsha watu kuhusu hatari ya akili bandia. Mamlaka ya mawasiliano ikamtoza faini ya dola milioni 6. Namjibu mwalimu kwamba Kramer alitumia sauti ya mtu ambaye hakuombwa, mimi nilitumia yangu. Na baraza la mahakama la huko lilimwondolea mashtaka ya jinai mwezi wa sita 2025. Sisemi mengi zaidi.

Hesabu. Mchango ni faranga 5.000 kwa mwezi, hivyo mwaka ungeleta 5.160.000. Wanachama 19 wamelipa mwaka mzima, nao nawainulia kofia. Wanachama 27 walilipa hadi mwezi wa sita, wakaisikia sauti, wakasimama. Wanachama 40 hawajalipa hata mwezi mmoja, na hao hawawezi kuisingizia sauti ambayo ilikuwa haijazaliwa. Tumepokea 1.950.000. Kompyuta 2 za mitumba, mega na mafuta ya jenereta vimechukua 1.290.000, salongo, vilio na wagonjwa 410.000. Sandukuni kuna 250.000. Mnatudai viti 60, na sisi tunawadai 3.210.000.

Uchaguzi wa kamati ulipaswa kufanyika mwezi wa tisa. Haukufanyika kwa sababu hamkuja. Wengine wamependekeza tupige kura kwa WhatsApp. Nimekataa, na nimeambiwa nang'ang'ania kiti. Kiti chenyewe ninachokalia hapa tumekiazima kanisani. Nimekataa kwa sababu mtu mmoja ana kadi tatu za simu, na baada ya yaliyotokea mwezi wa sita sioni nani atathibitisha nani amesema nini. Tutainua mikono, tukionana uso kwa uso, siku idadi itakapotimia.

Kwa mwaka 2026 tunatumaini kuendelea na masomo, kupata kompyuta ya tatu kama Mungu atajalia, na pengine kuwafikia vijana wa Ruashi na Kenya, mitaa ya hapa hapa Lubumbashi. Kuna mfadhili ambaye amesema ataangalia. Vijana wenyewe wameomba somo lijalo liwe juu ya picha na video. Kamati itatafakari ni uso wa nani utakaotumika. Wangu umepumzika.

Michango inapokelewa na mama mtunza sanduku kila Jumapili baada ya ibada, mkononi, na risiti yenye muhuri. Kuanzia leo mambo ya fedha yatatangazwa kwa karatasi yenye sahihi tatu: yangu, ya katibu na ya mtunza sanduku. Wale 27 wanapewa hadi mwisho wa mwezi wa nne kumaliza miezi 6 wanayodaiwa.