Kusali pamoja si kukomunika pamoja

Ndugu Mhariri,

Kila Papa anapomtembelea Patriaki wa Konstantinopoli, kiongozi wa kwanza kwa heshima kati ya Waorthodoksi, hawakosekani watu wa kutangaza kwamba wawili hao "wameadhimisha Misa pamoja". Hawajaadhimisha. Naomba nafasi nieleze, kwa sababu wanaokuja kuumia kwa kosa hilo ni wanandoa na watoto wao huku parokiani.

Tarehe 28 Novemba 2025 Papa Leo XIV na Patriaki Bartholomayo walisali pamoja Iznik, Uturuki, mji uliokuwa ukiitwa Nikea, kukumbuka miaka 1700 ya Mtaguso wa kwanza, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika huko. Siku mbili baadaye, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, Papa alihudhuria Liturujia Takatifu katika Kanisa la Mtakatifu George, Istanbul. Mwadhimishaji alikuwa Patriaki. Papa alisali na waamini, lakini hakuadhimisha wala hakukomunika, yaani hakupokea Ekaristi. Kanuni ya 908 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamkataza padri kuadhimisha Ekaristi pamoja na mhudumu wa Kanisa lisilo na ushirika kamili na Roma, na Waorthodoksi nao hawaruhusu. Hukumu za kutengwa na Kanisa walizotoleana Roma na Konstantinopoli mwaka 1054, zilizofutwa na Papa Paulo VI na Patriaki Athenagora tarehe 7 Desemba 1965, zilikuwa kidonda kikubwa, na kuziondoa lilikuwa tendo la upendo. Ushirika wa altare haukurudi siku ile.

Kwa waamini, kanuni ya 844 inamruhusu padri Mkatoliki kumpa Mworthodoksi Kitubio, Ekaristi na Mpako wa Wagonjwa, ikiwa ameomba mwenyewe na amejiandaa ipasavyo. Mkatoliki asidhani mlango uko wazi vilevile upande wa pili. Akijipanga kwenye foleni ya kalisi na padri Mworthodoksi akamkatalia, hajatukanwa. Ndiyo nidhamu ya Kanisa lile, na inafaa kuheshimiwa. Mwisho wa Liturujia padri hugawa vipande vya mkate uliobarikiwa, na katika parokia nyingi mgeni naye hupewa. Huo sio Ekaristi, ambayo kwao hutolewa kwa kijiko kutoka kalisini, mkate ukiwa ndani ya divai. Apokee tu kwa heshima.

Penye machozi zaidi ni ndoa. Kanisa la Kiorthodoksi huitambua ndoa iliyobarikiwa na padri wake. Mworthodoksi akifunga kwa Wakatoliki pekee, anaweza kuzuiwa Komunyo kwao. Upande wetu, kanuni ya 1127 inasema ndoa ya Mkatoliki na Mworthodoksi iliyofungwa mbele ya padri wa Kiorthodoksi ni ndoa kweli. Kwa hiyo njia ipo: wachumba wamwone paroko mapema, apeleke kwa askofu ombi la kibali cha ndoa mseto pamoja na ruhusa ya kutofuata utaratibu wa Kikatoliki, kisha ndoa ifungwe mara moja tu, kwa Waorthodoksi. Kufunga ndoa Jumamosi kule na kurudia viapo kwetu Jumapili, eti kuridhisha wazazi wa pande zote, kumekatazwa waziwazi.

Waangalie na kalenda. Mwaka 2027 Pasaka yetu ni 28 Machi, yao ni 2 Mei. Sisi huhesabu kwa kalenda ya Gregori, wao kwa ile ya Juliasi iliyo nyuma kwa siku 13, na Pasaka hufuata mwezi mpevu usiotangulia 21 Machi; kwa hiyo mwezi mpevu wa 22 Machi kwao huja kabla ya wakati na inabidi wangoje unaofuata. Atakayekodi ukumbi kwa Aprili 2027 akiamini Kwaresima imekwisha atakuta kwa Waorthodoksi ndiyo kwanza iko katikati, na hawafungishi ndoa katika mfungo huo wala katika juma linalofuata Pasaka. Apange baada ya 9 Mei.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto wa Kiorthodoksi hupewa Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi kwa pamoja, angali mchanga. Familia ikihamia kwetu, katekista huona cheti cha ubatizo tu, akamwandikisha darasa la Kipaimara. Hapo ndipo tunapokosea vibaya: Kanisa Katoliki linakitambua Kipaimara kile, na kanuni ya 845 inakataza kukirudia. Mafundisho apewe, kwa kuwa anayahitaji kama wenzake, ila jina lake lisiwe kwenye orodha anayopelekewa askofu.

Mwalimu wa katekesi,
Bukoba