Unakoroma na pumzi inakatika usiku? Pimwa kabla ya kununua mashine

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu hapa Lubumbashi huanza na bei: mashine ya kukoroma ni ngapi? Sisi tunaomba kwanza karatasi ya kipimo. Asiyepimwa hatumuuzii, maana si kila anayekoroma ana apnea ya usingizi, na mashine hii ni ghali mno kununuliwa kwa kubahatisha.

Kwa mwenye apnea, misuli ya koo hulegea usingizini, njia ya hewa ikaziba. Pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, hadi ubongo umshtue, avute hewa kwa nguvu, kisha alale tena bila kukumbuka lolote. Asubuhi kichwa kinauma na mdomo umekauka. Mchana anasinzia hata kanisani. Mwenyewe anadhani ni uchovu wa kazi. Anayejua ukweli ni anayelala naye: anasikia mkoromo mkubwa, kisha kimya, kisha mtu anakurupuka akitweta. Mama, ukiona hivyo kwa mzee wako, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari. Na wewe pia usijisahau. Wanawake wanaugua, hasa baada ya hedhi kukoma, na kwa kuwa wengi wao hulalamikia uchovu na kukosa usingizi tu, hakuna anayefikiria apnea.

Mwenye shinikizo la damu lisiloshuka ingawa anameza dawa kila siku, aulize habari hii. Vivyo hivyo mnene, au mwanaume ambaye shingo yake inazidi sentimita 40.

Kipimo chaweza kufanyika nyumbani, kwa kifaa kidogo kinachosoma pumzi na oksijeni ya damu usiku kucha. Kisha mikatiko ya pumzi inahesabiwa kwa kila saa: kuanzia mikatiko 5 ni apnea hafifu, 15 ya wastani, 30 kali. Mwenye hafifu huenda akapata nafuu kwa kupunguza uzito, kulala ubavu, na kuacha bia, lutuku na vidonge vya usingizi. Mwenye kali kwa kawaida huhitaji mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi.

Umeme je? Hilo ndilo swali la kila mtu hapa mjini, na ni la haki. Umeme ukikatika hutakosa hewa. Barakoa ina matundu au vali ya kupitisha pumzi, ila apnea inarudi. Ukizima kipasha maji cha mashine, kile kinachotia hewa unyevu, mashine nyingi hutumia takriban wati 30, kwa hiyo betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 inavuka usiku mzima. Betri ya asidi usiichaji katika chumba cha kulala, kwa sababu inatoa gesi inayoweza kulipuka. Kiangazi, vumbi jekundu linaziba kichujio cha mashine haraka: kikague kila wiki.

Madereva wa malori ya Kasumbalesa, tunawaomba sana. Ukisinzia kwenye usukani, egesha. Kahawa haitibu apnea. Muone daktari kabla ya safari nyingine, umwambie wazi kwamba kazi yako ni udereva, ili kipimo chako kisicheleweshwe.